Maziwa ya Kweli, Kiwele cha Uongo

Mfugaji anayemwacha mbuzi siku mbili bila kumkama, ili afike mnadani na kiwele kilichojaa, hajasema uongo hata neno moja. Maziwa ni maziwa, na mnunuzi ameyaona mwenyewe. Hata hivyo Mtume Muhammad alikataza hila hiyo, na aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo akapewa hiari ya siku tatu: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kukama. Wanazuoni wa fikihi huitaja hila hii wanapozungumzia tadlisi, yaani kuficha aibu ya bidhaa. Kosa halimo ndani ya maziwa, limo katika dalili. Mnunuzi husoma kiwele kama kipimo cha mnyama, kumbe muuzaji amekigeuza kuwa kipimo cha subira yake mwenyewe.

Neno hilohilo, tadlisi, lilitumiwa na wanazuoni wa hadithi kwa msimulizi anayemficha mtu dhaifu aliyemo katika mlolongo wa wapokezi, akasimulia kana kwamba amesikia moja kwa moja kwa yule wa juu. Shu'ba bin al-Hajjaj wa Basra, katika karne ya pili Hijria, aliihesabu kuwa ndugu wa uongo. Ndugu, maana maneno yenyewe huenda yakawa sahihi kabisa. Kinachoghushiwa ni jibu la swali ambalo kila msikilizaji ana haki ya kuliuliza kabla ya kukubali: umeyapata kwa nani? Kwa maoni yangu, habari za kulipiwa wakati wa uchaguzi, yaani matangazo ya wagombea yaliyovishwa vazi la habari, zihukumiwe kwa swali hilo, na wala si kwa swali la kama mgombea kweli alijenga barabara anazosifiwa kwazo.

India imelianika jambo hili kwa kina. Baada ya uchaguzi wa jimbo la Maharashtra mwaka 2009, mwandishi P. Sainath wa gazeti la The Hindu alionyesha kwamba makala moja ya kumsifu Ashok Chavan, waziri kiongozi wa jimbo, ilitoka neno kwa neno katika magazeti ya Kimarathi yanayoshindana sokoni. Hesabu za gharama alizowasilisha mgombea zilitaja rupia 5,379 tu za matangazo ya magazetini. Chavan alikana kulipia habari, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Delhi ikatengua hatua ya Tume ya Uchaguzi dhidi yake, kwa hiyo si kazi yangu kumtia hatiani. Linalonishughulisha ni msomaji. Aliyesoma makala hiyo katika magazeti mawili aliamini ana mashahidi wawili, kumbe alikuwa na mmoja. Wanazuoni waliipa daraja ya yakini habari iliyopokewa na watu wengi wasioweza kula njama. Hapa wingi wenyewe ndio ulioghushiwa.

Baraza la Habari la India liliwatuma wajumbe wawili, Paranjoy Guha Thakurta na K. Sreenivas Reddy, kuchunguza. Ripoti yao ya kurasa 71 ilionyesha kwamba ile bahasha ya mwandishi mmojammoja, ambayo hata sisi huku tunaijua, imekua na kuwa biashara ya kampuni nzima, yenye viwango vya bei na vifurushi vya kuwauzia wagombea. Mwaka 2010 Baraza lilitoa muhtasari mfupi usiotaja majina ya vyombo vilivyotuhumiwa, na ripoti kamili haikutolewa rasmi hadi mwaka uliofuata. Uchunguzi kuhusu wanaoficha wapokezi, nao ukafanyiwa tadlisi!

Watetezi watasema kila gazeti lina upande wake, na mhariri anayempenda mgombea hana tofauti na aliyelipwa. Tofauti ipo, tena kubwa. Mwanahadithi Bukhari aliingiza katika mkusanyiko wake hadithi iliyopitia kwa Imran bin Hittan, mtu ambaye wote walimjua kuwa Khariji, yaani mfuasi wa kundi lililojitenga na Waislamu wengi. Msimamo unaojulikana unaweza kupimwa. Gazeti la chama halimdanganyi mtu. Wengine watasema wasomaji si wajinga, wanaijua harufu ya habari iliyonunuliwa. Ingekuwa hivyo, nani angelipia vazi la habari wakati tangazo la wazi linapatikana? Mgombea analinunua vazi hilo kwa sababu linafanya kazi, na pia kwa sababu fedha zake hazionekani kwenye hesabu zenye ukomo wa kisheria. Na wasomaji wakishashuku kila kitu, hasara humwendea hata mwandishi mwaminifu, kama vile mnada uliojaa viwele vya hila unavyomnyima bei mwenye mbuzi mzuri.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru. Ukiipa serikali mamlaka ya kuamua ipi ni habari na ipi ni tangazo, umempa mtawala rungu la kuwapigia waandishi, na sisi tunaoishi na sheria kali za magazeti hatuhitaji kuelezwa rungu hilo hutua wapi. Nakubali. Ndiyo maana nashikilia mlolongo na kuyaacha maudhui. Kamati za wilaya za Tume ya Uchaguzi ya India zinazochunguza habari za kulipiwa haziifuti makala. Zikishuku, mgombea huulizwa, na asipotoa maelezo ya kuridhisha, thamani ya tangazo la ukubwa ule huongezwa kwenye gharama zake. Hakuna anayekatazwa kusifu; anayelipa anatakiwa kujulikana. Bila shaka kuthibitisha malipo yasiyo na risiti ni kazi ngumu, na wakati mwingine kamati itakosea. Lakini kosa la hesabu linaweza kukatiwa rufaa, ilhali kura iliyopigwa kwa dalili ya uongo haikatiwi rufaa.

Hapo ndipo kiwele cha mnadani kinapotuacha njiani. Mnunuzi wa mbuzi alikuwa na siku tatu. Umlesh Yadav, aliyechaguliwa jimboni Uttar Pradesh mwaka 2007, alipoteza kiti Oktoba 2011 kwa kutotaja gharama za habari alizolipia, muhula ukiwa karibu kwisha. Narottam Mishra wa Madhya Pradesh alihukumiwa na Tume mwaka 2017 kwa uchaguzi wa 2008, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Delhi ikautengua uamuzi huo. Kazi ya kamati ina maana ikifanyika wakati kampeni bado zinaendelea. Tena katika kesi zote hizo aliyesimamishwa mbele ya Tume ni mgombea. Baraza la Habari uwezo wake mkubwa ni kukemea, halina mamlaka ya kutoza faini. Yule muuzaji wa mbuzi aliambiwa arudishe fedha. Gazeti halijaambiwa lirudishe kitu.