Kuwaheshimu Wazee na Kusema Kweli

Wengi wetu tuliokulia mjini tulipelekwa likizo kwa bibi na babu, Tabora. Tulishuka treni na mizigo yetu, tukamalizia safari kwa baiskeli hadi kijijini. Jioni tulikaa chini ya miembe tukila matobolwa na karanga, babu akitusimulia habari za mizinga ya nyuki porini. Bibi ndiye aliyetufundisha kusali kabla ya kulala.

Hatukuuliza miembe ile ilitoka wapi. Tulipokua tulijifunza kwamba njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na wazee husema miembe mingi ya njia ile ni alama ya misafara hiyo. Walipita wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira. Walipita pia watu waliofungwa minyororo. Si wote waliofika pwani. Wengine walibaki Unyamwezi, wakilima mashamba ya mabwana zao. Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922. Basi babu na bibi zetu walilelewa na watu walioyaona hayo kwa macho yao.

Ng'ambo ya kisima palikuwa na kaya moja. Tulicheza na watoto wa pale, lakini bibi alitukataza kula kwao. Tulipouliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini: "Wale waliletwa." Miaka mingi baadaye kijana wa ukoo wetu alitaka kuoa binti wa kaya ile. Neno lilelile likarudi katika kikao, na posa ikavunjika. Sisi tuliokuwepo, watu wazima na washirika wa kanisa, tulinyamaza. Tulijiambia kwamba tunawaheshimu wazee.

Je, tuliwaheshimu kweli? Amri ya nne inatutaka tuwaheshimu wazazi. Lakini amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba amri hiyo inatudai pia tumtetee jirani. Jirani yetu siku ile alikuwa yule binti. Hakuna aliyemtetea.

Mtu atasema wana wa Nuhu walifunika uchi wa baba yao, wakabarikiwa. Ni kweli. Lakini wao walifunika aibu ya mzee wao bila kumwumiza mtu. Sisi tulifunika jeraha la mwingine, nalo bado linauma. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu hakuwaficha Tamari wala Rahabu. Mungu haoni haya kuja kwetu kupitia watu ambao majirani wangewanyooshea kidole.

Hatumpendi bibi pungufu kwa kusema haya. Kanisa letu linafundisha kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Bibi alikuwa hivyo, nasi tu hivyo. Anayetumaini msamaha hana haja ya kufichiwa kosa lake.

Likizo ijayo tutawapeleka watoto wetu chini ya miembe ile. Tutawafundisha sala za bibi, na tutawaambia kwamba katika neno lile bibi alikosea, nasi tulikosea zaidi kwa kunyamaza. Kisha tutavuka kisima kuomba radhi. Na tukikaribishwa, tutanawa mikono na kula.