Kabla Hujauza Mahindi

Mwanangu, nimesikia unataka kuuza magunia ya mahindi ununue kamera ndogo ya kwenda nayo kuvua. Sikukatazi. Mimi ni mtu mzima, miguu yangu haitaki tena mteremko wa kwenda Mto Luengera, na maneno mengi yananichosha. Hili hata hivyo nitalisema taratibu, na nitalirudia pale nitakapoona umelipita haraka, kwa sababu mahindi yale umeyalima kwa jembe, na mvua za bonde hili hazina mkataba na mtu.

Niambie kwanza unataka kupiga picha ya nini. Kama ni picha yako umemnyanyua kambale mkubwa ili wenzako wa Manundu wamwone, simu uliyo nayo inatosha. Baki na mahindi yako, mazungumzo yaishe. Lakini nimekusikia zaidi ya mara moja ukisema perege wa mtoni siku hizi huwaelewi, kwamba wengine wana sura ambazo baba yako hakuwahi kukuonyesha. Kama hicho ndicho kinachokupeleka dukani, kaa chini tuongee, maana hapo unagusa jambo la nyumbani kabisa.

Mtoni kwetu yumo samaki mwenye jina la mji wetu. Wataalamu wanamwita Oreochromis korogwe. Jina hilo alipewa mwaka 1955 na mtafiti Mwingereza, Rosemary Lowe, katika maandiko yaleyale aliyowaeleza perege wa Mto Pangani na perege wa Ziwa Jipe. Kwa hiyo popote duniani mtu anaposoma habari za samaki huyo, anasoma Korogwe. Na sisi tunaomla wengi wetu hatumjui kwa uso. Sasa ameingia sato, perege wa asili ya Nile, ambaye watu wanampenda kwa kuwa anakua haraka. Anafugwa mabwawani, mafuriko yanamtoa, anafika mtoni. Akikutana na perege wa asili anagombea naye chakula na mahali pa kuzalia, na anaweza hata kuzaana naye, wakatoka watoto ambao si huyu wala yule. Vizazi vichache vikipita, wa kwetu anaweza kuisha huku mto umejaa samaki na hakuna mvuvi aliyeshtuka.

Mtazame sato mkiani. Mkia wake una mistari myembamba myeusi ya wima, iliyopangana tangu kwenye shina mpaka ukingoni. Huo ndio uso wake. Mwaka 2018 Martin Genner, George Turner na Benjamin Ngatunga walitoa mwongozo wa perege wa Tanzania wenye picha, na ukiutazama utaona kwamba mkia, mapezi na rangi ya dume wakati wa kuzaa ndivyo vinavyomtambulisha samaki. Waliochanganyika huwachanganya hata wataalamu, na picha peke yake haimalizi kesi. Lakini picha safi yenye tarehe na mahali ni ushahidi ambao mtu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, anaweza kuuangalia akaamua kama inafaa kuja. Maneno ya mvuvi kwamba "nilimwona samaki wa ajabu" hayamtoi mtu ofisini.

Unaukumbuka mkasa wa silikanti? Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alimkuta samaki asiyemjua katika shehena ya meli ya uvuvi. Alimwandikia mtaalamu J.L.B. Smith barua yenye mchoro wa mkono. Mtaalamu alipofika mwenyewe, mwezi Februari, samaki alikuwa amekwisha kukaushwa na matumbo yametupwa. Dunia ikangoja mpaka 1952, huko Komoro, kumpata wa pili. Baadaye samaki huyohuyo akaanza kunaswa hapa kwetu Tanga, katika majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina, na mwaka 2009 serikali ikatenga Hifadhi ya Silikanti. Wavuvi wa kule sasa wanajua kwamba samaki mmoja akitazamwa vizuri anaweza kuibadili pwani nzima. Ndiyo maana nasema shughuli yako si ya kitoto.

Basi sasa tuje kwenye kamera, na nakuomba usiniwahi.

Muuzaji atakuanzia na megapikseli, kwa sababu ni namba kubwa na imeandikwa kwenye boksi. Chukua mfano wa kamera mbili zinazojulikana. Fujifilm XP140 ya mwaka 2019 ina megapikseli 16, na inastahimili maji mpaka mita 25. Ile ya OM System inayoitwa TG-7, ya mwaka 2023, ina 12 tu, na kina chake ni mita 15. Mwenye kusoma boksi ataichukua ya kwanza. Lakini kipande kinachopokea mwanga ndani ni cha ukubwa uleule katika zote mbili, na tundu la lenzi ndilo linalotofautiana: ya kwanza hufunguka mpaka namba 3.9, ya pili mpaka 2. Katika hesabu ya lenzi namba ndogo ndiyo tundu kubwa, na tofauti hiyo inaingiza mwanga karibu mara 4. Wewe unavua saa ngapi? Alfajiri, na jioni chini ya miti. Mwanga ukiwa haba kamera huacha mlango wazi muda mrefu ili ijaze picha, na samaki hatulii. Ndipo mkia unatoka kama moshi, mistari huioni, na safari yako imekwenda bure. Hiyo namba ya tundu iulize kabla ya nyingine zote. Imeandikwa kwenye duara la lenzi yenyewe, kwa herufi ndogo, na hakuna anayekutangazia.

Kina cha maji nacho usikipapatikie. Luengera ikishapokea mvua za Usambara inakuwa rangi ya udongo mpaka inapoungana na Pangani. Ndani ya maji hayo hata kamera ya mita 30 haitaona kitu. Wewe unahitaji kitu kinachovumilia mvua, vidole vyenye utelezi wa samaki, na siku kitakapokuponyoka kikaangukia penye maji ya magoti. Mita 10 zinakutosha na kubaki. Ukienda Tanga kupiga mbizi kwenye matumbawe tutaongea upya.

Kuvuta kwa mbali pia watakusifia. Kuvuta kunakofanywa na lenzi ni kuvuta kweli. Kule kunakofanywa na kompyuta ya ndani ni kukata kipande cha picha na kukipanua, jambo ambalo unaweza kulifanya nyumbani bila kulipa senti. Na samaki wako yuko mkononi, wa mbali ni nani? Muulize muuzaji kinyume chake: kamera inasogelea karibu kiasi gani ikaona vizuri? Zile TG husogea mpaka sentimita 1 hivi, ukahesabu magamba. Hilo ndilo la kulipia.

Lakini tatizo ni kulipia. TG-7 ilitoka ikiuzwa karibu dola 550 Marekani. Piga hesabu kwa shilingi, ni zaidi ya milioni 1 kabla hujaweka usafirishaji na ushuru. Mwanangu, hapana. Narudia, hapana. Kamera ya bei hiyo utaiacha nyumbani kila mawingu yakitanda, utaifunga kwenye nailoni, utamnyima mdogo wako kuishika, na samaki watapita. Ya kwenda mtoni iwe ya bei ambayo ikizama utahuzunika wiki, usiende kukopa. Zipo za daraja la chini, kama Kodak Pixpro za kuhimili maji, ambazo picha zake ni za kawaida mchana na dhaifu jioni. Ukichukua hiyo, ukubali kupiga jua likishatoka, ukiwa umemhifadhi samaki hai kwenye ndoo. Zipo pia zilizotumika, Nikon, Olympus na Ricoh za miaka iliyopita, na mimi moyo wangu uko huko. TG ya zamani yenye lenzi nzuri ni bora kuliko mpya yenye lenzi hafifu.

Ila iliyotumika ina mitego, na hapa nisikilize sana. Kinachozuia maji kuingia ni mpira mwembamba kwenye mlango wa betri na kadi. Mpira huo huzeeka. Watengenezaji kadhaa hushauri ubadilishwe kila mwaka, na aliyekuuzia hakuubadilisha. Ufungue mlango, uutazame kwenye mwanga: kama umepasuka, umelegea au una chembe ya mchanga, hiyo si kamera ya maji tena. Angalia vyuma vya betri kama vina kutu ya kijani, maana hiyo inaweza kuwa alama ya maji yaliyokwisha kuingia. Angalia lenzi kwa ndani kama ina ukungu au utando wa kuvu. Piga picha mbili tatu, uweke kwenye kadi yako mwenyewe uliyokwenda nayo, uzitazame kwenye skrini kubwa. Jaribu flashi. Jaribu kila kitufe. Hata ukiridhika, ichukulie kama kitu cha mvua na matone, usiizamishe.

Uulize inachajiwaje. Ile inayokubali waya uleule wa simu ndiyo yako, kwa sababu unaweza kuichaji kwa sola au kwa pawabenki. Ile inayodai chaja yake ya pekee, ikipotea chaja, imekufa. Ulizia na betri zake kama bado zinapatikana. Kamera nyingi nzuri zimelala makabatini kwa kukosa betri tu.

Najua utaniambia simu nayo siku hizi ina kinga ya maji. Ni kweli, baadhi zinayo. Lakini simu yako ina pesa zako, namba za watu wote, na ndiyo mama yako anayokupigia usiku ukichelewa. Na kioo chake kikilowa hakisikii kidole. Kitufe cha kamera husikia hata ukiwa na matope.

Ukishainunua, iweke saa na tarehe sahihi, na uhakikishe tena kila betri inapokaa nje muda mrefu, kwani saa huweza kurudi mwanzo. Mlaze samaki ubavu, kichwa kushoto, akiwa bado na majimaji, mahali penye kivuli chenye mwanga, maana jua kali linang'aa kwenye magamba na kufuta rangi. Mfungue mkia na pezi la mgongoni kwa vidole. Weka rula pembeni, au kiberiti, ili ukubwa ujulikane. Piga picha ya mwili mzima, kisha ya mkia peke yake. Andika kwenye daftari jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, kwa mfano chini ya daraja gani au shamba la mkonge la nani. Picha ya asili ibaki kwenye kadi. Ukiituma kwa WhatsApp inapungua ukubwa, na taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani yake zinafutwa. Samaki mdogo mrudishe majini haraka.

Na hili nalisema kwa sauti kubwa kuliko yote: Pangani ina mamba. Mtu anayetazama kioo cha kamera amefumba macho mengine yote. Usichuchumae ukingoni umeupa mto mgongo. Panda juu penye ukavu, na mwenzako asimame akitazama maji mpaka umemaliza. Ukikosa mwenzako, usipige picha siku hiyo. Hakuna perege wa kubadilishana na mguu wako.

Ukiwakuta watu wanavua kwa nyavu za macho madogo au kwa sumu, usiwaelekezee kamera. Umaskini una hasira. Rudi, waone viongozi wa kijiji, wao wana njia zao. Na mtu yeyote kabla hujampiga picha mwombe ruhusa, hata kama ni mtoto wa jirani.

Siku ukitoka baharini, ioshe kamera kwa maji baridi ukiwa umeufunga mlango vizuri, kama ni mpya uiache ilowe kidogo kwenye beseni, uifute, uikaushe kivulini. Usiifungue ufukweni penye mchanga na upepo. Vumbi la barabara ya Mashewa nalo lina madhara yaleyale, kwa hiyo kwenye bodaboda iwe ndani ya mfuko.

Basi fanya hivi. Uza gunia moja, mengine yaache ghalani mpaka tuone vuli inasemaje. Nenda Korogwe, ukikosa nenda Tanga mjini, nenda asubuhi uwe na muda. Chukua kadi yako na waya wako wa simu. Uliza tundu la lenzi, uliza inasogelea karibu kiasi gani, fungua mlango wa betri utazame mpira. Muuzaji akikukatalia usijaribu, mshukuru, ondoka, upande gari la mchana kurudi Magoma na hela yako mfukoni.