Subira Siyo Kunyamaza

 

Ndugu zangu, kabla sijafika mbali nikiri kosa. Mimi nasoma taaluma za Kiislamu, na Ramadhani ya mwaka 1445, yaani Machi 2024, niliitumia elimu hiyo kumnyamazisha mtu aliyekuwa akizama.

Mtu mwenyewe ni mjomba wangu. Aliingia Juba akiwa utingo wa lori baada ya Sudan Kusini kupata uhuru mwaka 2011, akabaki, na sasa ana kibanda cha spea za pikipiki upande wa Bilpam. Bilpam ndipo yalipo makao makuu ya jeshi, na jina lenyewe limetoka kwenye kambi ya mwanzo ya SPLA kule Ethiopia. Wateja wa mjomba wengi ni bodaboda, na wengine ni watu wanaoishi kwa mshahara wa serikali. Mzigo ananunua Kampala kwa dola, unapita Nimule, anauza kwa pauni. Februari ile bomba la mafuta linalopita Sudan kwenda Port Sudan lilipasuka katikati ya vita, pauni ikaanza kuporomoka. Anayeuza betri asubuhi kwa bei ya jana, adhuhuri anagundua kwamba pesa aliyopata hainunui betri nyingine.

Nilipofika kwa likizo nilimkuta halali. Tukirudi tarawehe anafungua simu kuangalia dola. Saa nane usiku anaangalia tena, kisha anafungua daftari la madeni analolijua kwa moyo. Alikuwa na daku mbele yake na halili. Nikamwambia, "Mjomba, subiri tu," nikamsomea aya za subira, na tajwidi yangu yote. Akasema, "Naam mwanangu," akanyamaza. Nikaona nimefanya kazi ya dini.

Katikati ya mwezi joto likazidi. Serikali ikafunga shule nchi nzima kuanzia tarehe 18, kwa hofu ya nyuzi 45. Siku moja, karibu na magharibi, kijana wa dukani akamimina dumu la mwisho la maji kusafisha mikono yenye grisi. Mjomba akarusha spana ukutani, pembeni kidogo ya kichwa cha kijana. Kisha akakaa chini, mkono kifuani.

Zahanati wakampima presha. Ilikuwa juu sana. Daktari akasema haikuanza leo, akampa dawa, akamwambia asifunge kwa siku atakazomwelekeza. Mjomba akakataa. "Nife nimefunga." Akanitazama mimi, mwanachuoni wa nyumba, nimuunge mkono.

Hapo ndipo nilipokumbuka Salman al-Farisi (RA). Imepokewa na Bukhari kwamba alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akaona amejichosha kwa ibada mpaka nyumba yake imesahaulika. Abu Dardaa alikuwa amefunga swaumu ya sunna. Salman akakataa kula mpaka naye ale. Usiku Abu Dardaa akainuka kusali, Salman akamwambia alale. Akainuka tena, akamwambia alale. Usiku ulipofika mwisho ndipo wakasimama pamoja. Akamweleza kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Mtume (SAW) alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli.

Tazameni mpangilio wake. Chakula, usingizi, kisha sala, kisha maneno. Mimi nilianza na maneno na nikaishia hapo hapo.

Nikamwambia mjomba kwamba ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imetoka kwa Yule Yule aliyefaradhisha saumu, na anapenda ruhusa Zake zitumiwe. Alilia. Kesho yake alikunywa maji mchana, amejificha nyuma ya matairi kwa aibu.

Usiku ule nikafungua daftari mimi. Tukagawa madeni: wanaoweza kulipa, ambao tuliwafuata, wasio na kitu, ambao Qur'ani inatuelekeza kuwapa muda, na mjomba akawapa huku akiguna, na deni lake mwenyewe la Kampala, ambalo ndilo lililokuwa linamkaba. Kwa wiki tatu alikuwa hapokei simu ya mwenye mali. Tukampigia. Yule mzee alikasirika, halafu akakubali alipwe kidogo kidogo. Simu ya dakika sita! Dola tukakubaliana aiangalie mara moja kwa siku, baada ya Alasiri. Na baada ya Adhuhuri afunge kibanda alale qailula, kama walivyokuwa wakilala Maswahaba. Hili la kufunga kibanda ndilo lililomuuma zaidi.

Anas bin Malik (RA), aliyemtumikia Mtume (SAW), anasimulia kwamba dua aliyoisikia mara kwa mara kwake ilikuwa ya kujikinga na hamm na hazan. Wanazuoni wengi wanatofautisha: hamm ni dhiki ya linalokuja, hazan ni ya lililopita. Katika dua hiyo hiyo umo uzito wa deni. Umo pia uvivu. Mara kwa mara, nasisitiza. Hakungoja mpaka kifua kibane.

Sasa tuje kwetu. Bumu halijaingia, una sapu mbili, nyumbani wanadhani mambo ni shwari, na msimamizi wa utafiti hujamjibu tangu mwezi uliopita kwa sababu hujaandika kitu. Unakesha na simu. Sala unaipiga mbio ili uondokane nayo, wakati Mtume (SAW) alimwambia Bilal awapumzishe kwayo. Huyo msimamizi ndiye Kampala yako. Mpigie leo. Kisha lala. Na mwenzako wa chumbani akiacha kula, usimtupie aya na kugeukia ukuta. Mpelekee chai, kaa naye, umuulize. Kama usingizi umekimbia wiki nyingi, au anasema hataki kuishi, usimwache peke yake, nenda naye kwa daktari au mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo. Kutibiwa ni sunna, na hakuna aliyesema akili imetolewa humo.

Kijana wa dukani mjomba alimwomba radhi mbele yetu sote. Akajibu kwa Kiarabu cha Juba, mafi mushkila, lakini kwa siku kadhaa nilimwona akilitazama lile dumu kabla ya kuligusa.

Juzi mjomba amenipigia. Dola imepanda tena, amesema. Ameijua baada ya Alasiri.