Ufagio Usiwe Fimbo

Juzi dada mmoja mwenye kliniki ya meno aliniuliza: "Pasta, wafanyikazi wangu wanachelewa, na vifaa hawaoshi vizuri. Nikifika wa kwanza nioshe mwenyewe, si watabadilika?"

Mimi nilisomea biashara. Zamani ningejibu ndiyo haraka. Lakini nilijikumbuka. Mwaka jana nilifagia kanisa kila Jumamosi ili vijana waone aibu waje. Hawakuja. Jumamosi ya nne nikakasirika, nikaacha. Hapo nikajua ufagio wangu ulikuwa fimbo.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, aliosha vyoo kambini Kaptagat kwa zamu kama wenzake. Choo ni kichafu na zamu ni yake, basi anaosha.

Katika Yohana 13 Yesu aliwaosha wanafunzi miguu, Yuda akiwemo. Yuda hakubadilika. Je, Yesu aliosha bure? Hapana. Aliosha kwa kuwa aliwapenda.

Hapa Kimulot mizani ya majani chai haiulizi nani alikuona ukichuna. Kwa hivyo nilimwambia dada: osha kwa ajili ya mgonjwa atakayefungua mdomo. Wafanyikazi wakifuata, tumshukuru Mungu. Wasipofuata, keti nao uwaambie wazi, kwa upole, bila kununa.

Nami Jumamosi hii narudi kufagia. Ukija, karibu. Usipokuja, kanisa litakuwa safi tu.