KUMKUMBUKA BABA NA BABU BAADA YA KUFA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Mtu akifiwa na baba aliyempenda, moyo wake hauridhiki kumzika na kunyamaza. Hutaka atajwe wala asisahauliwe, na wajukuu wasiomuona wamjue kana kwamba walilelewa mikononi mwake. Matamanio haya ni mema, na sharia haikuyakataza. Lakini pana suala ambalo wengi hawalitazami, nalo ni hili: kumkumbuka baba ni kitu gani khasa? Je, ni kumsifu, au pana haki nyingine iliyo mbele ya sifa?

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa wakiwataja sana baba zao. Wakimaliza ibada zao za Hija husimama wakajifakharisha, huyu akisema babake alikuwa akilisha watu, na huyu akisema wake alikuwa shujaa. Ndipo ikateremka aya ya 200 katika Suratul Baqara, wakaamrishwa wamtaje Mwenyezi Mungu kama walivyokuwa wakiwataja baba zao, au zaidi ya hivyo. Na azingatie mwenye akili kwamba aya hii haikuwaambia wawasahau baba zao. Imekuweka kumtaja baba mahali pake, chini ya kumtaja Muumba wake.

Tena Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifiwa na babake kabla hajazaliwa, na mamake alipokufa akalelewa na babu yake Abdul Muttalib mpaka alipopata umri wa miaka minane. Na siku ya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra (630 Miladi), watu walipotawanyika, yeye alithubutu mbele ya adui akatangaza kwamba yeye ni Mtume bila ya uwongo, na kwamba ni mwana wa Abdul Muttalib. Alimtaja babu yake saa ya khatari, wala hakumtaja kwa kujikweza. Basi imedhihiri kwamba fakhari na ukumbusho zaweza kutumia maneno yale yale, na haziwi kitu kimoja. Kinachozipambanua ni kile anachokubali mtu kukibeba kwa ajili ya yule anayemtaja.

Na mfano ulio wazi katika jambo hili ni khabari ya Zubeir bin Awwam (R.A.), aliyoipokea Imamu Bukhari katika Sahihi yake. Zubeir ni mwana wa Safiyya, shangazi lake Mtume, na ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Siku ya vita vya Jamal, mwaka wa 36 wa Hijra (656 Miladi), alimwita mwanawe Abdullah akamwambia kwamba kubwa linalomtia hamu ni deni lake. Akamuusia auze mali yao alilipe, na akishindwa na lolote amtake msaada Bwana wake. Abdullah hakufahamu, akamuuliza huyo Bwana ni nani, naye akamjibu kuwa ni Mwenyezi Mungu. Siku hiyo Zubeir akauawa.

Na deni lile halikutokana na israfu. Watu walikuwa wakimletea mali zao awawekee amana, naye akikataa amana na kuzipokea kuwa ni mkopo, kwa kuchelea zisije zikapotea nao wakakosa haki yao. Alipokufa hakuacha dinari wala dirhamu, ila ardhi na nyumba. Abdullah akahesabu deni, likatimia 2,200,000. Hakim bin Hizam, mzee katika jamaa zao, alipomuuliza deni la nduguye ni kiasi gani, Abdullah alificha akasema ni 100,000. Hakim akaona hata hizo mali yao haizitoshi, ndipo Abdullah akamfunulia ukweli wote.

Akaiuza ardhi ya Ghaba, ambayo babake aliinunua kwa 170,000, ikapata 1,600,000. Miongoni mwa wenye kudai alikuwa Abdullah bin Jaafar, mwenye 400,000, akasema kwamba wakitaka atawasamehe. Mwana wa Zubeir akakataa. Akasema basi wamcheleweshe awe wa mwisho, akakataa tena, akamkatia sehemu yake katika ardhi ile. Deni lilipokwisha, nduguze wakataka mirathi yao. Akaapa kwamba hawagawii mpaka anadi katika misimu minne ya Hija, kila mwenye kumdai Zubeir aje alipwe. Miaka minne akanadi, kisha ndipo akagawa, na kila mmoja katika wake wanne wa marehemu akapata 1,200,000.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya kadhi na hesabu za mirathi, wala hayahusu mapenzi. Jawabu yake ni kwamba deni lililosamehewa na mwenyewe limekwisha kisharia, na Abdullah alipewa msamaha akaukataa. Wala hakulazimishwa kunadi miaka minne. Aliyoyafanya zaidi ya wajibu ndiyo mapenzi yenyewe. Na pale mwanzo alipoficha, alifanya analolifanya kila mwana mwenye kumstahi babake. Lakini stara ya kweli aliipata kwa kulipa.

Na khabari hii ina faida kubwa kwa watu wa pwani. Baba akifa, watu hushughulika na matanga na khitma na arubaini. Kumsomea na kumuombea na kumtolea sadaka ni jambo jema. Lakini Imamu Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba lifanyiwe haraka deni la maiti na wasia wake, na Kurani katika Suratun Nisaa, aya ya 11, imetanguliza wasia na deni mbele ya mirathi. Basi vipi huchinjwa ng'ombe kwa mali ambayo haijatolewa deni, na ndani yake mna fungu la yatima? Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wawapikie jamaa zake chakula, kwani wamefikiwa na la kuwashughulisha. Na yule Abdullah aliyetaka kumsamehe Zubeir ni mwana wa Jaafar huyo. Alikuwa mtoto katika nyumba iliyopelekewa chakula kile. Leo nyumba ya msiba ndiyo hulisha mji.

Na deni si la dukani tu. Mahari ambayo mama hakupewa tangu siku ya kuolewa ni deni juu ya baba, na watoto wengi huona haya kulitaja, wakamsifu baba mbele ya mjane anayemdai. Mpaka wa shamba la minazi uliosogezwa ni deni. Mali ya wakfu iliyokuwa mkononi mwake ni deni. Jirani aliyevunjiwa heshima ana haki ya kutakwa radhi na watoto. Mwana anayeyatafuta haya hamfedhehi babake, bali humpunguzia mzigo ambao yeye mwenyewe hana tena mkono wa kuushusha.

Wala haya hayakatazi kumsimulia kwa mahaba. Urwa, mwana mwingine wa Zubeir, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akitia vidole vyake katika makovu ya panga begani mwa babake, akicheza. Na aliyeipokea kwa Urwa khabari ya deni ni mwanawe Hisham, aliyezaliwa baada ya Zubeir kufa. Mjukuu huyu hakumuona babu yake. Amempata kwa njia hizi mbili, kovu alilocheza nalo babake, na deni alilolilipa ami yake. Lau deni lile lingeachwa, mjukuu angerithi sifa za babu, na watu wa mji wangerithi madai yao kwake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee waliotangulia, awasamehe makosa yao, na awape watoto wao nguvu ya kutekeleza ahadi zao na kuwaunga waliokuwa wakiwapenda. Amin.