Je, Jino si Kiungo cha Mwili?

Mtu akivunjika mguu, jamaa zake hukusanyika upesi, hutafuta fedha, humchukua hospitali. Lakini mtu akiumwa na jino huambiwa, Vumilia, ni jino tu. Naye huvumilia, akitafuna upande mmoja, akilishika shavu usiku kucha, mwaka hata mwaka. Desturi hii imezoewa mno, hata hatuioni kuwa jambo la kuulizwa. Nasi mwezi huu twataka kuliuliza: Je, jino si kiungo cha mwili? Na ikiwa ni kiungo, yafaa kwamba matibabu yake yawe ya mwenye fedha peke yake?

Kwanza na tutazame jinsi jino liharibikavyo. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Tulapo vitu vitamu, vijidudu hivyo huila sukari iliyoshikamana na meno, wakati huo huo hufanya asidi, na asidi huyeyusha ganda gumu la nje. Mwanzoni hapana maumivu. Lakini tundu likifika kwenye kiini, ambamo mna mishipa ya fahamu na ya damu, ndipo mtu aanzapo kulia. Kisha kiini hufa, na pengine maumivu hutulia, naye mgonjwa hufurahi akidhani amepona; kumbe usaha unakusanyika kwenye mizizi ya jino. Kutoka hapo waweza kuingia katika taya, au kushuka chini ya ulimi na shingoni hata kuiziba njia ya pumzi. Na mara chache hufika katika ubongo.

Wala si hayo tu. Ufizi ulio mgonjwa hutoka damu, na kwa mlango huo vijidudu huingia katika damu. Kwa mtu ambaye vilango vya moyo wake vimeharibika tangu zamani, vijidudu vya kinywani vyaweza kukaa humo na kuleta ugonjwa wa kuua. Mwenye kisukari hushikwa na ugonjwa wa ufizi kwa urahisi kuliko wengine, na ugonjwa wa ufizi nao humzidishia sukari katika damu; hivyo maradhi mawili husaidiana kama wezi wawili. Mzee dhaifu asiyesafishwa kinywa huweza kuvuta vijidudu hata mapafuni. Basi asemaye kwamba jino ni kitu cha pembeni hajautazama mwili jinsi ulivyoungwa.

Ikiwa mambo ni hivi, utengano wa jino na mwili ulitoka wapi? Zamani kazi ya kung'oa meno ilifanywa na vinyozi na wahunzi. Mwaka 1840, katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland huko Marekani, kilianzishwa chuo cha kwanza duniani cha kufundisha utabibu wa meno peke yake. Chuo hicho kilileta faida kubwa, maana kazi ya mikono iligeuka kuwa elimu. Lakini matabibu wa mwili na matabibu wa meno walizidi kufuata njia mbili, na mifuko ya fedha ikazifuata njia hizo. Sheria ya mwaka 1965, iliyoanzisha bima ya Serikali kwa wazee wa Marekani, iliacha nje utunzaji wa kawaida wa meno, na hata leo wazee wengi wa huko hulipa wenyewe au hukaa na maumivu yao.

Katika jimbo lile lile la Maryland, mwaka 2007, lilitokea jambo ambalo kila mwenye kupima haki yampasa kulikumbuka. Mtoto wa miaka 12, wa nyumba maskini, alikuwa na jino lililooza. Mama yake alitaabika sana kutafuta tabibu wa meno atakayewapokea watoto wake, na bima yao ya maskini ilikuwa imekatika. Kuling'oa jino lile kungaligharimu kama dola 80. Halikung'olewa kwa wakati. Usaha ukafika katika ubongo. Hapo ndipo milango yote ilipofunguka: alipasuliwa kichwa mara mbili, akalazwa majuma mengi, na gharama ikafika kama dola 250,000. Mtoto akafa. Tazameni hesabu hii, ndugu. Jamii iliyokosa dola 80 kwa ajili ya jino ilizipata dola 250,000 kwa ajili ya ubongo. Fedha zilikuwapo, kilichokosekana ni nia ya kulihesabu jino kuwa mwili. Baada ya hayo, mwaka 2009, sheria ya nchi iliamuru kwamba bima ya watoto wa nyumba zenye kipato kidogo isiache meno yao. Wenzetu walijifunza, lakini kwa bei ya mtoto.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Tarehe 5 Julai 1948 ilianza huduma ya afya kwa watu wote, meno yakiwamo, bila malipo wakati wa kutibiwa. Watu walikuja kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa, na wengi walitaka meno ya bandia, kwa kuwa walikuwa wamekaa miaka mingi wakitafuna kwa ufizi mtupu. Gharama ikapita makadirio. Mwaka 1951 Serikali iliamua kwamba meno ya bandia na miwani yalipiwe sehemu. Na Aneurin Bevan, aliyeianzisha huduma hiyo alipokuwa Waziri wa Afya, akajiuzulu, na neno hilo likiwa mojawapo la sababu zake. Mwaka 1952 matibabu mengine ya meno nayo yakatozwa malipo. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, mfuko wa umma una mwisho, na atakaye haki hana budi kuhesabu. La pili, mfuko ulipopungua, jino lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusogezwa nje ya mlango.

Wako wasemao: Meno huoza kwa uzembe. Aliyekula sukari na kuuacha mswaki, na alipe mwenyewe. Neno hili lina ukweli ndani yake, wala hatulidharau. Kila mtu anao wajibu juu ya mwili wake. Lakini je, mtoto mchanga ndiye ajinunuliaye peremende? Nao waliokulia kando ya mlima Meru, ambao meno yao yaligeuka rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi iliyomo katika maji ya huko, walifanya uzembe gani? Tena, mlevi avunjikaye mkono hatumwachi njiani mpaka aungame. Kwa nini basi jino peke yake liulizwe habari za dhambi zake kabla ya kutibiwa? Wazee wetu walisema, Mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema kwamba hula peke yake. Baba ashindwaye kulala kwa jino hashiki jembe asubuhi. Mtoto aumwaye hasikii lisemwalo na mwalimu. Na jipu likipanda, ukoo mzima hutoa fedha.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya. Wajibu wa mtu na wajibu wa jirani haupingani, bali hufuatana. Mtu na apige mswaki mara mbili kila siku, wala asiwazoeze watoto soda na peremende. Wazazi wasikubali kabisa mtoto mchanga akatwe ufizi kuondolewa yale yaitwayo meno ya plastiki, maana ni machipukizi ya chonge zake mwenyewe, na watoto wamekufa kwa ajili ya ukatili huo. Hata mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitaja kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, nalo tangu mwaka 2021 limeiweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha ya dawa za lazima. Kitu hiki si pambo la matajiri.

Lakini mtu akiisha kufanya yaliyo yake, na jino likaoza hata hivyo, asiachwe peke yake. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho habari za viungo vya mwili mmoja, nasi twayasoma mafundisho hayo mara nyingi tukiwaza juu ya watu. Yafaa tuyawaze pia juu ya mwili wenyewe. Wachangao kwa ajili ya wagonjwa wa usharika wamhesabu mwenye jino bovu kuwa mgonjwa, mapema, wakati ambapo kuziba tundu dogo kungali kwatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu, pengine hujengwa juu ya kaburi.