Kuacha Kutafuta Dawa Si Kumwacha Mgonjwa

Tuseme mama mmoja wa Kinole, katika milima ya Uluguru, ameshikwa na saratani. Wanawe wamempeleka Morogoro mjini, na kisha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Huko waganga wamewaambia kweli: ugonjwa umeenea, hautapona. Sasa wamerudi naye nyumbani, na ukoo umekutana. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Mmoja asema, "Tuuze mazao yangali shambani, twende hospitali nyingine." Wa pili asema, "Hakuna la kufanya tena. Tumwachie Mungu." Je, ni nani mwenye haki?

Sisi twaona wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wadhani kumtunza mgonjwa ni kumponya tu. Kwa hiyo wa kwanza hawezi kukoma, na wa pili hana la kufanya.

Wa kwanza na atulize moyo. Mwezi wa Novemba 1957, Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha waganga kwamba yatupasa kuulinda uhai kwa njia za kawaida, lakini hatufungwi kutumia njia zinazomlemea mno mgonjwa au jamaa zake. Basi kuacha safari isiyo na faida si kumwua mama. Pengine hata mwenyewe amechoka na safari, ila hakuna aliyemwuliza.

Wa pili naye ajue kwamba kazi ingali nyingi. Ya kwanza ni kutuliza maumivu. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Uganda shirika la kuwatunza wagonjwa wa namna hii, wakipewa mofini ya maji ya kunywa, kwao nyumbani. Kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, mwaka 2004 serikali ya huko iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika dawa hiyo. Nasi Tanzania mofini hutolewa Ocean Road na katika hospitali kadhaa nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitalini, jamaa hawana budi kuuliza: "Maumivu yakija usiku, tutamsaidiaje?"

Wengine huogopa wakisema dawa kali humwua mtu. Kumwua mgonjwa kwa kusudi ni dhambi kubwa, hata kwa jina la huruma. Lakini Februari ya mwaka ule ule wa 1957, Pio XII alieleza kwamba yafaa kutuliza maumivu, hata kama dawa yaweza kupunguza siku za mgonjwa, ikiwa hapana njia nyingine, na yeye hazuiwi kutimiza wajibu wake. Nia ni kuondoa uchungu, si kuondoa uhai.

Kazi ya pili ni kusema kweli kwa upole. Mama asiyeambiwa hali yake hawezi kuagana na wanawe, wala kupatana na jirani aliyekosana naye. Hata padre huitwa akiwa hawezi tena kusema, kana kwamba padre ndiye aletaye kifo! Mtaguso wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba sakramenti hii yafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa, kwa maana si ya wale tu walio katika pumzi ya mwisho. Aitwe mapema.

Kazi ya tatu ni kuwapo. Mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja, amgeuzaye mama kitandani, amfuaye nguo, asiyelala, wakati wengine hungoja siku ya mazishi waje kwa wingi. Huo si udugu. Ukoo uliokutana kwa shauri la fedha na ukutane pia kwa shauri la zamu: nani atakesha leo, nani kesho, nani atateka maji.

Mama Bikira Maria hakuweza kumshusha Mwanawe msalabani. Lakini hakuondoka. Nasi tusiondoke.